Uzi wa Buluu

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi; mdogo wangu wa mwisho, ambaye ni wakili; jirani yetu, mzee wa Kidatoga aliyekuja kuomba maji ya ndama wake; na msimamizi wa mfanyabiashara mmoja wa vitunguu, na wapakiaji wake wawili, waliofika na pikapu bila kuitwa.

Wazazi walipokufa niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaanza kushona magunia ya vitunguu hapa Mang'ola. Gunia langu lilijulikana kwa mdomo wake: uzi wa buluu, mafundo mawili, ncha zikining'inia kama masharubu. Wenye malori walilitafuta kwa sababu hata chini kabisa hukukuta kitunguu kilichooza. Uzi huo ndio uliomsomesha mdogo wangu hadi akawa wakili wa alama za biashara, uvumbuzi na mambo ya kompyuta, huko Arusha. Akaisajili alama ile kwa jina langu. Kisha yule mfanyabiashara akaanza kushona uozo kwa uzi wa buluu, na wateja wangu wakaniita mwizi.

Mdogo wangu alikuja kuchukua magunia ya bandia tuliyoyanunua sokoni.

"Bila haya hatuna kesi, Dada," alisema.

Tulikuwa tukiyatoa nje pikapu iliposimama.

"Wakili wa vitunguu!" msimamizi akacheka. "Kesi yako inanuka hadi barabarani. Vijana, pakieni."

"Ukigusa gunia umegusa ushahidi," mdogo wangu akajibu, simu mkononi, akirekodi.

Msimamizi akamtandika kofi, simu ikaruka. Mpakiaji mmoja akanipiga mbavuni kwa mpini wa jembe. Nikasikia kitu kikivunjika ndani yangu. Nilipoinua macho, msimamizi alikuwa amemkanyaga mdogo wangu shingoni.

"Haya, nisomee sheria sasa!"

Mkononi nilikuwa na shazia, ile sindano ya magunia. Nikaizamisha pajani mwake mpaka ikagonga mfupa. Akaanguka akipiga mayowe. Mpakiaji wa pili akainua panga juu ya kichwa cha mdogo wangu. Jirani akaingiza fimbo yake katikati. Panga likaipasua na kuondoka na vidole vya mkono wake wa kulia. Kwa mkono uliobaki alimpiga yule kijana kwa kipande cha fimbo mpaka akatema meno. Wakamburuta msimamizi wao hadi kwenye pikapu, wakakimbia. Magunia yakabaki, yamelowa damu.

Kesi tulishinda.

Tukampelekea mzee mtamba mwenye mimba. Hakumtazama mara mbili.

"Mrudisheni."

"Tukupe nini basi, baba?" nikamuuliza.

"Mkono huu ndio niliokamulia. Huyu wako amesoma. Afikirie."

Mdogo wangu kila akija kutoka Arusha hupita kwanza bomani kwa mzee, kabla hata ya kufika kwangu.

"Umefikiria?" mzee humuuliza.

"Bado, baba."

"Basi kaa, unywe maziwa."