Vita Ndani ya Ungo

"Huyu amekufa au amelala?"

Mtoto wa dada yangu aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa juu ya mkeka, kidole chake kikigusa mgongo wa mtu wa udongo aliyelala kifudifudi. Alikuwa na miaka mitatu na ushei. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nimerudi nyumbani Kibiti kusubiri kazi, na nilijiona mtu asiyekosa jibu, au walau asiyekosa swali la kujibia swali. Nikamwinua yule mtu wa udongo, nikamtazama vizuri. Shavu moja lilikuwa chini, na jicho la upande wa juu lilitobolewa kwa mwiba, wazi kabisa. Maiti waliolazwa karibu naye hawakuwa na macho. Nikamrudisha mahali pake, nikasema sijui.

Watu hao waliletwa na mama mkubwa, dada yake mama yetu, mfinyanzi wa Mbwara. Alitoka kwake kwa pikipiki hadi Nyamwage, akapata basi lililotoka Lindi, na njia nzima alikuwa amepakata ungo uliofunikwa khanga, kama mtu anayepeleka maandazi ya harusi. Alipoufunua sebuleni kwetu, ndani mlikuwa na vita vya Maji Maji. Walikuwemo wanaume wenye mikuki ya njiti, kila mmoja amebandikwa punje za mtama kwenye paji la uso, kwa kuwa wale wa zamani walijifunga mtama vichwani walipokwenda kupigana. Walikuwemo wanawake na mitungi. Askari wa Mjerumani walivaa kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, mikanda viunoni, na vifungo vya mashati vilivyochomwa kwa mwiba kimoja kimoja. Mjerumani mwenyewe alipakwa chokaa akapewa kiti. Na alikuwemo mpeleka dawa, mzee mwembamba, shingoni amening'iniziwa kibuyu kwa uzi wa ukindu. Kibuyu chenyewe hakikuzidi punje ya kunde.

"Nimemfinyangia mjukuu wangu," alisema mama mkubwa. "Midoli yenu ya dukani haina hata masikio."

Mama yetu alikwishafariki, kwa hiyo huyu ndiye aliyekuwa mama. Zawadi yake haikuwa kitu cha kukataliwa. Dada yangu aliliona hilo upesi kuliko mimi. Yeye alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Mbwera, visiwani, kwa wakwe zake, kuvuna mpunga, na mtoto alikuwa anabaki nami. Alinivuta uani akaninong'oneza.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma. Nikirudi uniambie kama vile vitu vinamfaa mwanangu. Na ukiona havifai, utamwambia mwenyewe mama mkubwa. Mimi simo."

Asubuhi, wakati wa kuagana, mtoto alimwuliza mama yake kama katika maji ya Mbwera mna mamba. Dada akasema wamo, lakini hawapendi nyama ya watu wa Kibiti. Tukacheka sote, isipokuwa aliyeuliza.

Nikabaki na uamuzi wangu. Niliugawa mara mbili, kama tulivyozoezwa chuoni. Kwanza, udogo wa vitu: mtoto huyu mwezi uliopita alijitia harage puani, akalitoa kwa chafya wakati sisi tunatafuta mtu mwenye mikono myembamba. Sasa mbele yake palikuwa na ungo mzima wa vitu vya kutia puani. Pili, vita. Je, mtoto wa miaka mitatu apewe maiti achezee? Lakini huyuhuyu alisimama karibu na ng'ombe wa Idi akichinjwa, akauliza tu kama ulimi unaliwa. Mimi mwenyewe vita hivyo nilivisikia mara ya kwanza darasani, sababu upande huu na matokeo upande ule, nikavikariri nikafaulu. Nyumbani kwetu, ingawa ukoo wa mama ulitoka milimani, huko huko vilikoanzia, hakuna aliyewahi kuvitaja. Na huyu aliyevifinyanga ghafla, hadi vifungo vya mashati, alivitoa wapi?

Nikamwuliza mama mkubwa amejuaje zile kofia.

"Nilisimuliwa."

"Na nani?"

"Na aliyeziona."

"Alikuwa nani, na aliziona akiwa wapi?"

"Mwanangu, huko chuoni hawakuwafundisha kunyamaza hata siku moja?"

Swali la aliyelala kifudifudi nalo nilimpelekea. Alikuwa anamenya muhogo. Akasema, "Huyo mwache," na kisu kikaendelea.

Mtoto ndiye ambaye mama mkubwa hakumnyima hadithi. Kila alasiri walikaa mkekani, na mama mkubwa alimweleza jinsi dawa ilivyotiwa katika maji, kila mtu akanywa na kunyunyiziwa, ili risasi ya Mjerumani ikimfikia igeuke maji.

"Ikageuka?" mtoto aliuliza.

"Haikugeuka," nilisema mimi kutoka kwenye kiti changu.

Mama mkubwa hakunitazama. "Walitumaini itageuka," alimwambia mtoto, na mtoto akaridhika, akamlaza Mjerumani pembeni ya kiti chake kwa sababu Mjerumani alikuwa na usingizi.

Pigo la kwanza halikutoka kwa mtoto. Kuku wa jirani aliingia mlango wa uani, akapanda mkekani, akawapitia wapiganaji mmoja mmoja akiwadonoa mtama kwenye paji la uso. Askari hawakuguswa. Mama mkubwa alimfukuza kwa kandambili, huku akisema kuku huyo hapana shaka amelipwa na Mjerumani. Nilicheka, lakini nilianza kuona kwamba vitu vinavyobanduka kirahisi kwa mdomo wa kuku vitabanduka kirahisi zaidi kwa vidole.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, nilipita karibu na ungo nikaona shingo ya mpeleka dawa iko tupu. Kibuyu hakipo. Nilipekua mkeka, nikapekua ungo, nikainua kila mtu wa udongo. Mama mkubwa akaja akapiga magoti upande wa pili, naye akapekua. Mtoto alikaa kati yetu akila embe, shavu limejaa.

"Kibuyu kiko wapi?" nilimwuliza.

"Kile cha dawa?"

"Ndiyo. Umekimeza?"

"Ndiyo," alisema.

"Hukukimeza?"

"Ndiyo."

Hapo nilijua kwamba namna yangu ya kuuliza haitanisaidia. Mama mkubwa akamvuta karibu, akamfungua mdomo, akaingiza kidole hadi nyuma ya ulimi na kutoa embe. "Mama, niambie bibi. Dawa umeifanyaje?"

Mtoto alimtazama kama anayeulizwa kitu cha wazi. "Dawa inanywewa," alisema.

Kisha akakohoa. Huenda ilikuwa embe tu, maana alikuwa ameingiziwa kidole kooni, lakini kikohozi kile kilitutoa mkekani mbio. Nilimfunga mgongoni kwa khanga ileile iliyofunika ungo, tukapanda pikipiki mbili hadi kituo cha afya. Njiani nilikuwa nasikiliza pumzi yake shingoni kwangu, na kila tuta la barabara lilipomkatiza nilimwita, naye aliitika, "Abee," kwa furaha ya mtu aliyepandishwa pikipiki.

Nesi alimwuliza mama mkubwa kitu chenyewe kina ukubwa gani, naye akamwonyesha ncha ya kidole chake cha mwisho. Nesi akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampa maji, akamwambia aimbe. Mtoto akaimba. Nesi akasema anayeimba hivyo njia yake ya hewa iko wazi. Tumpe chakula kama kawaida, tuangalie choo chake, na akitapika au akibanwa kifua tumrudishe mara moja. Alipouliza kitu hicho kilitoka kwenye mdoli gani, mama mkubwa aliinama akarekebisha kandambili yake. Nilisema mimi, ni mchezo wa nyumbani.

Jioni ile mama mkubwa hakugusa ugali. Alikaa karibu na ukuta, macho kwa mtoto, na aliponyanyuka ilikuwa kumchotea mtoto maji tu. Alitia kata mtungini, akamnywesha, akanywa yeye, akanipa na mimi. Nilikunywa. Nilijaribu kumpigia dada simu, lakini huko kwenye visiwa mtandao hupatikana kwa kupanda mahali pa juu, na sikujua hata ningeanza kumwambia nini. Aliniachia jambo moja la kuamua, nami nilikuwa bado naligawa mara mbili.

Asubuhi nilichota maji mtungini nichemshe chai. Yalikuwa na weupe mwepesi, kama maji yaliyooshewa mchele, na yalinuka ardhi baada ya mvua. Nilidhani maji ya bomba yamekuja hivyo. Kisha nikainama juu ya mtungi, nikasubiri yatulie, nikaona chini kuna kitu chembamba kimejikunja juu ya tope kidogo. Nikamwita mama mkubwa. Alitia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa uzi wa ukindu.

Aliuweka kiganjani akausogeza mlangoni penye mwanga. "Fundo langu hili," alisema.

Nikakaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye maji.

Mtoto aliletwa kutoka kitandani, nywele zimesimama. Safari hii sikumwuliza kama ndiyo au siyo. Nilimwuliza nani ametia kibuyu mtungini.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Dawa inatiwa kwenye maji. Halafu watu wanakunywa."

"Dawa ya nini?"

"Mama asiliwe na mamba."

"Lakini mama yuko Mbwera. Hanywi maji ya hapa."

Alinitazama kwa huruma. "Akirudi atakunywa."

Mama mkubwa alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akalazimika kushika mlango. Aliniambia vidogo hakuvichoma. Moto wa mabua hupasua vitu vidogo, kwa hiyo wakubwa aliwachoma pamoja na vyungu na vidogo akavianika juani tu, ndiyo maana kibuyu kimeyeyuka. "Basi sote tumekwisha kunywa tangu jana," alisema akifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Wewe msomi, nenda Mbwera ukaoge na mamba, hakugusi mtu."

Tulimwaga maji, tukasugua mtungi, tukajaza mengine. Ilikuwa kazi tamu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya katika nyumba ile. Tulipomaliza, mama mkubwa alikaa mbele ya ungo.

"Haya, sema. Vinafaa au havifai?"

Nilishangaa amejuaje.

"Mlinong'ona uani. Mimi mzee, si kiziwi."

Nikamwambia vitu vidogo havifai. Leo ni mtungi, kesho ni koo. Nilijiandaa kwa mabishano, na nilikuwa na hoja nyingine akiba, lakini hakubisha. Alivua mikuki mikononi mwa wanaume, akabandua mtama uliosazwa na kuku, akatoa bunduki za njiti, akatia vyote katika kopo la maziwa na kufunga kifuniko. Alisema atafinyanga upya, mkuki na mkono kitu kimoja, na kibuyu kikubwa kama yai la bata, atakichoma hadi kilie kikigongwa.

"Na hawa waliolala?" aliuliza, bila kuinua uso.

Nikasema hapo sijui.

"Usiniambie hujui. Wabaki au waondoke?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ametandaza kitambaa cha kichwa juu ya ungo, amewafunika wote pamoja, wapiganaji, askari, Mjerumani na maiti, na anawabembeleza walale. Hoja zangu zote zilikuwa juu ya watoto kwa jumla, na huyu alikuwa mmoja.

"Wabaki," nilisema.

Mama mkubwa alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka nayo. Akamtafuta chini ya kitambaa yule wa kifudifudi, akamfuta vumbi mgongoni kwa kidole gumba, akamrudisha.

Dada alirudi na gunia la mchele na harufu ya matope ya mikoko. Kabla hajavua viatu, binti yake alimletea kikombe cha maji kwa mikono miwili, akamsimamia hadi tone la mwisho. Maji yalikuwa safi, dawa tulikwisha kuimwaga, lakini hakuna aliyemwambia mtoto. Baadaye nilimpa dada jibu langu: vidogo visubiri aanze shule, vita vibaki. Akaniuliza na maiti je. Nikasema na maiti. Akasema miaka yote ile chuoni, kumbe jibu lenyewe ni fupi hivyo.

Kibuyu kipya kililetwa, nacho kililia kikigongwa. Mtoto alikitumia kama kiti cha Mjerumani.

Miaka mingi baadaye, msichana huyo akiwa sekondari, alienda likizo Mbwara, akamwuliza mama mkubwa swali lilelile aliloniuliza mimi, na kwake yeye halikujibiwa kwa "mwache". Alinipigia simu siku hiyohiyo kunisimulia. Yule mtu wa kifudifudi alikuwa babu yake mama mkubwa: alikunywa maji kama wenzake, wenzake walipoanza kuanguka alijilaza kati yao, jicho moja wazi, mpaka askari wenye vitambaa shingoni wakapita, kisha akainuka akaukimbilia Mto Rufiji, na watoto wake waliagizwa wasilitaje jambo hilo mbele ya watu.