Bi Masikio na Ahadi Moja ya Diwani

Saa mbili na robo asubuhi, madiwani bado wako makwao wanamalizia chai, naye Bi Masikio ameshawavaa masikioni. Mguu wa kulia uko juu ya kikanyagio kinachorudisha sauti nyuma, vidole viko kwenye kibodi, macho ameyafumba nusu. Katika rekodi ya kikao cha jana, diwani mmoja anasema “niwe mkweli” kwa mara ya nne ndani ya dakika mbili.

Anayachapa maneno hayo mara zote nne, kisha anavua vifaa vya kusikilizia na kucheka.

“Niwe mkweli, niwe mkweli,” anasema. “Kumbe dakika zote zile alikuwa nani?”

Mwaka mmoja uliopita angeyafuta. Na kufuta huko nusura kumtoe kazini mikono mitupu.

Wenzake wanamwita Bi Masikio. Ni mwandishi wa kumbukumbu za baraza la mji, kazi aliyoianza miaka ishirini na sita iliyopita kwa taipureta iliyokuwa ikiruka herufi. Saa moja ya mjadala humchukua saa sita za kuchapa. Katika miaka hiyo yote mshahara wake umepanda mara tatu tu. Nauli imepanda mara ngapi, anasema, aliacha kuhesabu zamani. Chumba chake kiko nyuma ya ukumbi, kina dirisha moja na feni ambayo hairuhusiwi kuwashwa, maana inanguruma kuliko baadhi ya wasemaji.

Ofisini kulikuwa na desturi waliyoiita kupepeta. Mtu akiongea husitasita, hujikwaa, hurudia maneno aliyoyazoea. Mwandishi alitakiwa apeperushe hayo makapi, ibaki hoja. Bi Masikio aliimudu kazi hiyo hata akawa hahitaji kufikiri.

Lakini makapi hayo yalimfundisha watu.

“Yupo mmoja, kila baada ya sentensi: mnanielewa? Hapo ujue mwenyewe hajaelewa,” anasema. “Mwingine akianza na ‘kwa dhati ya moyo wangu’, ile taarifa hajaisoma. Simsingizii. Nimemchapa miaka tisa.”

Na yupo diwani mmoja ambaye wafanyakazi wa chini walimpachika jina la Fedha Zikiruhusu, kwa sababu hakuna alichokiahidi bila maneno hayo mawili. Mtaro utachimbwa, fedha zikiruhusu. Taa zitawekwa, fedha zikiruhusu. Siku moja, anaapa Bi Masikio, aliwatakia wajumbe safari njema, fedha zikiruhusu.

Aliyasikia maneno hayo hata masikio yake yakaacha kuyasikia. Kidole kikawa kinayafuta chenyewe.

Katikati ya mwaka jana, kina mama wa mtaa mmoja walifika kwenye ofisi za baraza na nakala ya kumbukumbu za kikao cha Januari. Walikuwa wamepiga wino chini ya mstari mmoja: diwani wao aliahidi kwamba wodi ya wazazi ya kituo chao cha afya ingekuwa wazi usiku na mchana ifikapo mwezi wa sita. Mwezi wa sita ulikuwa umekwisha, na jua likizama tu wodi ilikuwa inafungwa kwa kufuli.

Diwani aliusoma mstari ule, akatikisa kichwa. “Mimi nilisema fedha zikiruhusu. Kila mtu anajua ninavyoongea. Huyu mwandishi wenu amenilisha maneno.”

Katibu wa baraza alimwita Bi Masikio na kumuuliza swali moja: alisema au hakusema?

“Nikamwambia sijui,” anakumbuka. “Nilitamani kuapa kwamba sikufuta. Lakini ningeapaje, na mimi nayafuta kila siku bila kujua?”

Kubadilisha kauli ya diwani ni kosa la kufukuzwa, na anayefukuzwa hapati kiinua mgongo. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na mtunza rekodi, aliyefungia sauti za vikao vya zamani, alikuwa safarini hadi Jumatatu.

Siku mbili hizo hakula sawasawa. Mumewe, fundi cherehani, aliweka kazi zake kando, akakaa naye jikoni.

“Mama watoto, kama ulikosea, sema ulikosea. Hatutakufa njaa,” alimwambia.

“Njaa siiogopi, baba watoto. Naogopa waje kusema miaka yote hii nilikuwa nawatungia.”

Jumatatu saa nne walikaa ofisini kwa katibu: katibu mwenyewe, diwani, mwenyekiti wa kina mama wale, na Bi Masikio karibu na mlango. Mtunza rekodi akawasha mashine. Sauti ya diwani ikajaa chumbani. Mtaro, fedha zikiruhusu. Taa, fedha zikiruhusu. Choo cha soko, fedha zikiruhusu. Bi Masikio alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza, na kila kidole kilipokunjwa hofu ilimzidi, kwa kuwa hayo yote kwenye kumbukumbu yake hayakuwepo.

Alipofika kumi na tatu, sauti ikatulia. Diwani akasikika akivuta pumzi.

“Wodi ya wazazi itafunguliwa usiku na mchana ifikapo mwezi wa sita. Nimeongea na mganga mkuu. Wauguzi wanne wapo.”

Kisha akahamia kwenye uzio wa shule, fedha zikiruhusu.

Katibu aliirudisha mara tatu. Hakuna kilichobadilika.

“Nilisikia kama mtu amenitua gunia kichwani,” anasema Bi Masikio. “Nililia pale pale. Sikuona haya hata kidogo.”

Diwani alivua miwani. Wiki ile ya Januari, alieleza, binti yake alikuwa amejifungulia nje ya geti la kituo kile, mlango umefungwa, na mlinzi hana ufunguo. Aliingia kikaoni na hasira. Baadaye wauguzi wale wanne wakapelekwa kwingine, akaona aibu kusema, akakimbilia maneno yake ya kila siku.

“Basi nilisema,” alikiri.

“Ulisema, na ulikuwa unamaanisha,” alijibu mwenyekiti wa kina mama. “Sasa tufungulie.”

Hata hivyo Bi Masikio hakutoka bila doa. Katibu alimpa onyo la mdomo kwa zile mara kumi na nne nyingine, kwa kuwa “fedha zikiruhusu” ni sharti, si kikohozi. Diwani naye hakuiacha nafasi hiyo ipite. “Kwa hiyo umenibebesha ahadi kumi na nne!”

“Hizo kweli nilikubebesha, mheshimiwa, na nisamehe,” alimjibu. “Ila ile ya wodi umeibeba mwenyewe.”

Hata katibu alicheka.

Ilichukua wiki saba za diwani kugonga milango, lakini wodi ilifunguliwa na haijafungwa tena. Kupepeta kukapigwa marufuku. Siku hizi kila neno la mazoea linachapwa kama lilivyotoka, na madiwani wawili wameshalalamika kwamba kumbukumbu zinawafanya waonekane waongo.

Bi Masikio anasema hana la kuwasaidia. Ila kuna jambo angependa watu wa kawaida walijue. “Mtu mwenye maneno ya kujikinga, msikilize vizuri pale anapoyasahau. Hapo ndipo anapoongea na wewe.”

Amebakiza miezi mitatu. Mumewe anataka wafungue duka dogo la vitambaa, naye amekubali, lakini siku za vikao dukani asitafutwe. Atakuwa juu ukumbini, kwenye viti vya wananchi, bila vifaa vya kusikilizia wala kikanyagio mguuni.

“Miaka ishirini na sita nimekaa chumba cha nyuma nimebana mdomo,” anasema, na mabega yameshaanza kutikisika kwa kicheko. “Safari hii mtu akidanganya, nacheka mpaka anisikie.”