Sauti Aliyoikataa Mama

Mimi nilikuwa mwanamke wa kelele. Sijisifu, kazi ndiyo ilinifanya hivyo. Ukiuza ndengu na mbaazi pale Emali, malori yakinguruma kutwa kucha mbele ya duka, usipopaza sauti watu watakukalia. Wapakiaji wa magunia walinijua kwa kufoka. Mama yangu, anayeishi Kyuso, alikuwa akiiweka simu mbali na sikio nikimpigia, na majirani walimtania kwamba mtoto wake hahitaji mtandao.

Kisha nikafanyiwa upasuaji wa goita. Uvimbe ulikuwa umekaa shingoni miaka mingi, nikiufunika kwa leso, mpaka ukaanza kunibana pumzi nikilala. Daktari alinieleza mengi kabla, pamoja na kwamba sauti inaweza kukwaruza kidogo. Nilitikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa naogopa kufa, mambo ya sauti hayakunishughulisha hata kidogo.

Nilipozinduka niliomba maji, na aliyeomba hakuwa mimi. Ilitoka pumzi nzito yenye kukwaruza, kama ya mzee mvuta tumbaku. Tulingoja siku kadhaa, ikabaki vilevile. Daktari akasema mshipa unaoendesha sauti hupita nyuma ya tezi ile waliyoitoa, na huenda uliguswa. Unaweza kuamka baada ya miezi, unaweza usiamke. Aliyasema kwa upole sana, na mimi nilitamani kumrushia kikombe.

Lakini shida yenyewe ilikuwa Kyuso. Mume wangu alikuwa amempigia mama siku ile ile ya upasuaji, akamwambia nimetoka salama. Mama akajibu kwamba atangoja kunisikia mwenyewe. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Basi siku ya pili nikampigia, nikamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, ni mimi." Akauliza ni nani. Nikarudia. Akakata simu.

Sikumlaumu. Wazee wa kwetu wameliwa sana na matapeli wa simu. Mtu anapiga, anajiita mwanao, amelazwa, anataka pesa upesi. Mwenye duka jirani yake, Mwislamu aliyehamia Kyuso kutoka upande wa Garissa, alikuwa amemfundisha kwamba mtu wa namna hiyo aulizwe jambo la nyumbani. Kwa hiyo nilipopiga tena, mama aliniuliza utotoni nilivunjikia wapi mkono. Nikamwambia nilianguka kutoka juu ya ghala, nilipopanda kuiba asali ya baba. Nikamsikia akivuta pumzi, nikadhani yamekwisha.

"Alikwambia hayo kabla hajafa?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akifia mbali, mamaye hatangaziwi kwenye simu. Huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, mpaka watu wafike nyumbani wamkalishe chini. Baba alipofia hospitalini, mama alifanyiwa hivyo hivyo, na shangazi ndiye aliyekuwa akipokea simu na kusema baba amelala. Sasa mama alikuwa na hakika kwamba mimi nimekufa, na kwamba mume wangu amempa dada yake simu ajifanye mimi, amtulize.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini siku hiyo akili zilimruka. Alinipiga picha nikiwa usingizini, bandeji shingoni, shuka hadi kidevuni, akaituma kwenye simu ya yule mwenye duka ili mama aonyeshwe. Lo! Mama aliitazama mara moja akaketi palepale sakafuni. Kesho yake kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani kwake na majani ya chai na sukari, wakiimba nyimbo za kufariji. Mwenye duka alitupigia mwenyewe, kwa huzuni, akauliza kama nitazikwa Emali au Kyuso. Akaongeza kwamba mama ameacha chakula na dawa zake za presha.

Tulisafiri nyuzi zikiwa bado shingoni. Daktari alikataa, nikamwambia kama anaweza kumfufua mama yangu, basi nitabaki. Tulipoingia uani, nyimbo zilikatika. Mama akaja polepole, akanishika uso, akanishika masikio, akanikandakanda mabega kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akacheka machozi yakimtoka. Nilifurahi mno. Nikafungua mdomo nimwambie mimi mzima.

Akaondoa mikono. Haki ya Mungu, aliiondoa, akatazama nyuma yangu kuona ni nani aliyesema.

Nilikaa naye siku kadhaa. Alikula, akarudia dawa, akawashukuru kina mama. Lakini nikiongea amenipa mgongo pale jikoni, alikuwa akishtuka mpaka anamwaga maji. Mchungaji aliletwa aniombee sauti irudi, akaomba mpaka shati likalowa, na mimi nikasema amina kwa ile ile ya kukwaruza. Asubuhi ya kuondoka mama alinishika mkono.

"Nikikuangalia, ni wewe," alisema. "Lakini nikiisikia sauti hiyo sikuoni, ni kama nimefiwa tena. Usinipigie simu, mwana wakwa. Nitakuwa nikikupigia mimi, na wewe usiseme kitu."

Niliumia, na nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba aliyepotewa na sauti ni mimi, si yeye. Lakini ningemwambia kwa sauti ipi?

Miezi imepita, na daktari hataji tena habari za mshipa kuamka. Dukani nimenunua filimbi ya refa, nampulizia mpakiaji akizembea, naye ananiita kocha. Nimezoea. Mama hupiga akishafungia mbuzi zizini. Hunieleza ndengu zilivyoshambuliwa na wadudu, nani ameoa, nani hasalimiani na nani. Huniuliza kama nimekula, anangoja kidogo, kisha anasema haya, vizuri.

Juzi alikuwa akinisimulia jinsi beberu wake alivyoingia kanisani katikati ya sadaka, nikasahau, nikacheka. Akakatiza hadithi. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kama anavyoongea na mgeni, kama mwanawe yuko karibu apewe simu.

Nilifunika mdomo kwa kiganja, nikanyamaza kabisa. Baada ya muda nikamsikia akishusha pumzi. "Haya, mwana wakwa," akasema, "nilikuwa nimefika wapi?"