Firigisi ya Jogoo wa Jirani

Sikumpenda jogoo wa jirani yangu tangu siku aliyoshuka naye kutoka Bunda, amemfunga miguu kwa kitambaa na kumpakata kama mtoto. Alikuwa kuchi, ile mbegu ya kuku wa kupigana, mrefu, shingo nene, miguu kama ya mtu anayetaka ugomvi. Wanasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika hapa kwetu Buhare jioni ile ile, na wangu akanyamaza.

Wangu nilimtotolesha mwenyewe. Kuku wote wa uani kwangu walitokana na tetea mmoja niliyepewa na mama mkwe kule Butiama mwaka nilioolewa, na jogoo alikuwa mjukuu wa tetea huyo. Sasa mama mkwe alikuwa ameahidi kuja baada ya mavuno kuuona uzao wa kuku wake, nami nilikuwa nimejigamba kwenye simu kwamba banda limejaa. Uongo mtupu. Nilikuwa na matetea sita, jogoo mmoja, na vifaranga wachache wenye vidole vilivyopinda. Kila nikitotolesha, nusu ya mayai yanatoka viza. Ng'ambo ya uzio wa minyaa, vifaranga wa jirani walikuwa wakipita makundi kwa makundi, na mimi nikiwatazama roho inaniuma.

Jirani aliliona tatizo kabla yangu. Ni mjane, anashona nguo kibarazani kwake, mtu wa kusema jambo mara moja na kurudi kwenye cherehani.

"Dada, huyo jogoo wako anawapandaga mama zake na dada zake," aliniambia. "Mtoe. Chukua wangu akae kwako hata wiki mbili, sitaki kitu. Si hata sisi watu tunaulizanaga ukoo kabla ya kuoana?"

Alisema kweli. Siku ya kwanza nilipopelekwa Butiama, mama mkwe aliniuliza ukoo wa baba, wa mama na wa bibi kabla hajanipa kiti. Mimi niliyepekuliwa hivyo, kuku wangu nikawaoza ndugu kwa ndugu. Lakini siku ile sikusikia ushauri. Nilisikia kwamba mume wa kuku wangu hafai na wa kwake ndiye dume. Nikamjibu kwamba wangu bado ana nguvu, asante. Halafu nikawafungia matetea bandani, maana nilikuwa nimewaona wakipenya kwenye minyaa kumfuata yule mrefu. Niliwatukana malaya, kwa sauti, hadi mpita njia akacheka.

Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa. Kijiba cha roho. Jogoo yule akiwika, nilikuwa naomba mdondo, ule ugonjwa unaofagia mabanda, umpitie yeye peke yake.

Wiki moja hivi baadaye jirani aliniita. Tetea wake alikuwa ameanza kuatamia kiota kitupu, na yeye alikuwa anawahi Bunda kununua vitambaa. Mayai alikuwa ameyapanga kwenye beseni la pumba, kumi na mawili, kila moja na mstari wa mkaa ili lijulikane kuku wengine wakitaga juu yake. Akanipa ufunguo. "Akitulia mchana, niwekee," alisema.

Na mimi nyumbani nilikuwa na tetea anayeatamia, na mayai yangu kumi na mawili.

Sikufikiri sana. Mchana, jua la utosi, niliyafuta mayai yake mkaa kwa pindo la kanga, nikayachora yangu mstari ule ule, nikamwekea kuku wake yangu. Yake nikayabeba kwenye beseni la nguo. Mikono ilikuwa myeusi. Nilinawa kwa sabuni mara mbili.

Siku ya ishirini na moja kwangu walitoka kumi na mmoja, wamesimama imara. Kwake walitoka watatu, na mmoja hakuweza kusimama. Alinionyesha yale mengine, akayavunja moja moja nyuma ya choo, na mimi nimesimama pale nikisema pole.

"Jogoo amechoka," alisema. "Kumbe walioniuzia kule Bunda walinipiga, ni mzee."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikauliza kama anahitaji pumba.

Jumapili alimchinja. Mchana akaja na bakuli lililofunikwa sahani, mchuzi na paja, na juu yake firigisi. Kwetu firigisi haipewi mtu ovyo, ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima. "Mimi sina mume wa kumpa," alisema. "Kula wewe, ulinisumbukia kuniwekea mayai." Alisimama mlangoni akisubiri bakuli lake. Nikala. Ilikuwa ngumu kidogo, na chumvi imekolea.

Mama mkwe alikuja vifaranga wakiwa wameshakuwa vijana, shingo nene, miguu mirefu. Jirani alikuwa amekuja kumsalimia, amekaa kwenye mkeka. Mama mkwe alizunguka uani, mikono mgongoni, akapiga vigelegele.

"Mwanangu, hii mbegu umeitoa wapi? Kwangu hatujawahi kuwaga na kuku warefu hivi."

Jogoo wangu alipita mbele yake. Mama mkwe akamtazama toka kilemba hadi kucha. "Sio huyu," alisema. "Baba yao yuko wapi?"

Nilitazama chini. Nilisikia jirani akiinuka kwenye mkeka, akikung'uta kanga yake. Aliwatazama wale kuku mmoja mmoja, taratibu, kama anavyohesabu vifungo vya gauni.

"Tulimla, mama," alijibu. "Firigisi alikula huyu."

Akaaga kwa adabu zote, akapita kwenye minyaa kwenda kwake.