Dosie Zilizorukwa Kimya

Nina studio ya foto hapa Kolwezi, na foto zote za miaka iliyopita zimo katika kompyuta moja. Zilipozidi, nilianza kuandika funksheni ya kutafuta faili, kwa Scheme, lugha ya programu niliyojifundisha mwenyewe. Nilitaka iwe nyepesi: uipe dosie moja, yaani folda, na sharti moja, yenyewe ipite dosie zote za ndani na kukurudishia orodha. Mwanzoni, ikikuta dosie isiyofunguka, ilisimama na kulalamika. Ilinichosha. Nikaiagiza iziruke kimya kimya, na nikajisifu.

Asubuhi moja akaja mama kutoka mtaa wa Kasulo, amejifunga kitambaa cheusi.

“Tata, niko natafuta foto ya mutoto wangu. Mulimupigaka hapa siku ya komunyo yake.”

Binti alikuwa amekufa kwa malaria. Foto pekee ya nyumbani ilizikwa siku sakafu ilipodidimia, maana jirani alikuwa amechimba kobalti hadi chini ya chumba chao.

Nikaandika jina la parokia na mwaka alionitajia. Orodha ikarudi tupu. Nikajaribu mwaka uliotangulia. Tupu.

“Haiko, mama.”

“Angalia tena, tata.”

Nikaangalia tena. Kisha nikamwambia, kwa uhakika kabisa, kwamba foto ilifutika. Hakulia. Alinishukuru, akatoka.

Wiki kadhaa baadaye, nikitafuta kitu kingine, nilikuta dosie niliyoihamisha kutoka kompyuta ya zamani. Haikufunguka, kwa kuwa ruhusa zake zilikuwa bado za mashine ile. Nilizibadilisha kwa amri moja. Binti alikuwemo, sura ileile ya mama yake: gauni jeupe, mshumaa mkononi, jicho moja amelifumba kwa mwanga.

Niliichapa, nikakimbilia Kasulo. Nyumba iliyodidimia ilibaki msingi tu.

“Balihama,” jirani mwingine akaniambia. “Banasema balienda kwa ndugu, upande wa Tenke. Namba yake ya simu haipite tena.”

Nilienda Tenke Jumapili mbili. Nilisimama mlangoni mwa kanisa baada ya misa, nikiwaonyesha watu foto. Wengi walisema mtoto ni mzuri. Hakuna aliyemjua.

Siku hizi funksheni inarudisha orodha mbili: faili ilizozipata, na dosie ilizoshindwa kuingia. Kuiongezea hiyo ya pili kulinichukua mistari minne. Foto nimeiweka katika bahasha, na juu ya bahasha sijui niandike nini, kwa sababu hata jina la yule mama sikumuuliza yeye wala jirani.