Linux ya Baba, Saa ya Baba

Daktari alisema presha ya macho ikishakula haitapiki. Jicho la kulia la baba lilikuwa limeshakwenda, na la kushoto alitwambia tulihesabie wiki, si miezi. Baba aliitikia kama mtu anayetajiwa bei ya ndizi. Mie ndiye niliyemtaka daktari arudie.

Baba alikuwa fundi saa. Miaka arubaini alikaa barazani kwetu, hapa Mji Mkongwe, lenzi jichoni, anafungua saa za watu. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Dada yangu yuko Maskati. Baba hakutaka mengi. Alitaka macho yakizimika asikilize Qurani na habari saa anayotaka mwenyewe, na ampigie dada bila ya kungoja mie nirudi kazini.

"Nifundishe sasa hivi, nnaona," alisema. "Vidole vikishaijua njia, kiza kije."

Simu za kugusa kioo alizikataa. Kitu hakina kitufe, alisema, utapapasa nini? Mie nasomesha kompyuta skuli moja ya Chukwani, na skuli ilikuwa na mashine kuukuu inataka kuitupa. Niliichukua. Mifumo ya kawaida ilikuwa mizito kwake, tena imejaa madirisha na vijimaandishi ambavyo hata mie vinaniumiza macho. Nikasema ntamjengea Linux yake mwenyewe, mfumo wa kompyuta ulio huru kwa yeyote kuubadilisha, kuanzia chini kabisa: vitufe vinne, herufi kubwa, sauti, basi. Nilimwahidi wiki moja. Ebo! Ulimi hauna mfupa kweli, nao ulikuwa wangu.

Maana kujenga mfumo si kupachika. Unachukua programu zikiwa bado maandishi matupu, kurasa maelfu, unaipa mashine izipike moja moja ziwe lugha yake. Hii inaingoja ile, ile inaingoja nyengine. Ukikosea mstari mmoja, unarekebisha, unapika tena, unangoja. Mashine yenyewe ilikuwa inapika kwa masaa, inaunguruma chumba kizima kinapata joto.

Nlikuwa nikirudi skuli saa nane, naiwasha, naitazama mpaka saa kumi, halafu nakwenda kwenye darasa langu la jioni. Umeme nao una tabia yake, unaondoka jioni watu wakianza kuteleka chai. Nlimwambia baba: umeme ukirudi, bonyeza kitufe hichi tu, kazi itaendelea yenyewe. Nikirudi baada ya magharibi nakuta mashine imewaka, baba kakaa pembeni yake anailinda.

Siku ya sita vitufe vitatu vilifanya kazi. Cha nne, cha kumpigia dada, ukikibonyeza kioo chote kinakuwa cheusi. Mara ya kwanza baba alishtuka, akakamata mkono wangu.

"Imezima, au mimi?"

"Imezima, baba. Ni mashine."

Alicheka. Mie sikucheka. Usiku ule sikula.

Niliutafuta mstari wenye kosa nikauona, wa kijinga kabisa. Nikaurekebisha, nikapika, nikabonyeza. Cheusi. Nikaurekebisha kwa njia nyengine. Cheusi. Nikaufuta mzima. Mstari haupo, wallahi haupo, na kosa liko pale pale! Siku ya nane, ya tisa, ya kumi. Skuli nikawa nawafokea wanafunzi bila ya sababu. Nyumbani nlikuwa namwangalia baba akinyoosha mkono kutafuta kikombe, akikikosa kwa vidole viwili, halafu vitatu. Kila jioni nilijiuliza kama kesho atakiona kioo chenyewe.

"Acha pupa," alikuwa akinambia. "Saa haifunguliwi kwa hasira."

"Hii si saa, baba!"

Siku ya kumi na moja nilichoka kukimbia. Nikakaa, nikasoma kila kinachopita kwenye kioo, mstari kwa mstari. Kati ya maelfu ya mistari kulikuwa na onyo nililolipita siku zote: faili hili limeandikwa wakati ambao haujafika.

Nikalisoma mara tatu. Nikaiuliza mashine saa. Ikanambia saa saba mchana, na mie muda huo nshasali magharibi.

Hapo ndipo nilipofahamu. Maana programu inayosimamia upishi haisomi ulichoandika. Inatazama wakati tu. Maandishi yakiwa mapya kuliko kilichopikwa, inapika upya. Yakiwa ya zamani, inaacha. Marekebisho yangu yote ya jioni yalikuwa na saa ya nyuma, kwa hivyo yalionekana makuukuu, na kosa la mchana likaachwa lilivyo. Siku zote zile sikupika chochote.

"Baba! Nani kagusa saa ya mashine?"

"Naam? Mimi," alijibu, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Kila umeme ukirudi inasimama, inauliza majira. Nnaiwekea. Leo nshakuwekea kumi na moja kamili."

Kumi na moja. Jioni, kwa saa yetu. Kwa mashine jioni ile ni kumi na saba. Nani hapa kwetu angeandika kumi na saba?

"Siku zote hizi!" nilipiga ukelele. "Siku zote hizi, baba, unanirudisha nyuma masaa sita!"

Kisha akauliza taratibu, "Nimekuharibia?"

Ndipo nilipolitazama jicho lake la kushoto. Lilikuwa na alama nyekundu ya mviringo pembeni. Alikuwa akiivaa lenzi yake ya kazi ili azione zile tarakimu. Jicho tulilokuwa tunaliwekea akiba, alikuwa akinitumilia mie. Niliona aibu mpaka nikakaa chini sakafuni.

"Hukuharibu. Betri ya saa ndani ya mashine imekufa, ndiyo maana kila ikizimika inasahau majira, na tarehe inarudi ile ile. Mchana nikiiwasha naiwekea saa mwenyewe. Mie najua tangu siku ya kwanza. Nlikuwa nasema ntanunua."

"Betri? Ya namna gani?"

"Ya mviringo, bapa."

"Ala! Na hukunambia?" Sasa yeye ndiye aliyekasirika. "Fundi saa yumo ndani ya nyumba, saa imekufa betri, na hukunambia?"

Akainuka, akalifikia kopo lake la vifaa, akapapasa ndani bila ya kutazama, akanipa betri. Iliingia kama ilivyo. Siku ya pili yake kitufe cha nne kilifanya kazi, na dada alilia kwenye spika mpaka baba akamwambia anyamaze, si msiba.

Alijifunza siku tisa. Alikuwa akikaa saa nzima anabonyeza na kutaja: Qurani, habari, saa, mwanangu. Kitufe cha saa nilikifanya kitamke majira yetu, alikataa katakata ya Kizungu.

Asubuhi ya siku ya kumi nilikuwa nachemsha chai, nikamsikia.

"Mbona umeizima?"

Nikatoka jikoni. Kioo kilikuwa kinawaka, herufi nyeupe kubwa, uso wake wote umo ndani ya mwanga.

"Imezima, au mimi?"

Nikaja nikakaa pembeni yake. Kisha akaupeleka mkono kwenye vitufe, akahesabu kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akabonyeza, na Maskati ikaanza kuita.

Tangu siku ile nazihesabu zile siku nilizokuwa napika pasina kupika. Angekuwa na kumi na nne za kujifunza huku anaona. Alipata tisa, na betri ilikuwa ndani ya kopo lake.