Figa la Masatu

Siku Dafroza Burito alipompeleka mtamba mnadani, wanawake wa Bukima waliacha kuanika dagaa wakamtazama mpaka akapotea. Mtamba yule alikuwa mzao wa mwisho wa ng'ombe wa mumewe, Masatu, na mwanamke hamfungi kamba mnyama wa namna hiyo kwa shida ndogo.

Masatu aliondoka mwaka themanini na tatu, mwaka ambao watu walikuwa wakifua nguo kwa majani ya mpapai na kunywa uji wa chumvi kwa sababu sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Alipanda mtumbwi na wenzake kwenda Kenya kutafuta sabuni. Alisema siku nne. Mmoja akaja kusema amemwona Migori akibeba magunia. Mwingine akasema yuko Kisumu na ameoa. Wa tatu akasema mtumbwi ulizama karibu na visiwa. Kila mtu alikuja na lake, na wote waliondoka wameshiba ugali wa Dafroza.

Sasa katika ukoo wa Masatu kuna desturi ya mafiga. Bibi harusi akiletwa, mama mkwe anamwekea mawe mawili ya jikoni, na la tatu linawekwa na mume mwenyewe. Hilo la mume haligusi mtu. Akisafiri, linamngoja. Siku habari ya kifo chake ikithibitika, mama yake na mkewe wanalitoa pamoja, wanalizika nyuma ya nyumba, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwa Dafroza la asiyekuwepo lilikuwepo, tena katikati ya jiko, na kila siku kwa miaka saba alilizunguka kama mtu anayempisha mgeni.

Aliishi na mama mkwe wake, Nyangi, ambaye kifua kilikuwa kimemshika. Mganga wa zahanati alimsikiliza mgongoni akasema dawa ya ugonjwa ule haimo kabatini mwake. "Bibi huyu ana moshi wa miaka sitini," alimwambia Dafroza. "Ukimwongezea wa masika mengine, utamzika."

Basi mwaka wa tisini, serikali ilipotangaza habari ya majiko sanifu, Dafroza alisikia kwa masikio yote mawili. Miti ya kuni ilikuwa imekwisha Bukima. Serikali, iliyokuwa imewaomba wananchi wavumilie hata wakasahau wanavumilia nini, sasa ilisema hivi: atakayejenga kwa gharama yake jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi nje, likipimwa na kuonekana linapunguza kuni, atarudishiwa nusu ya gharama. Wengi walicheka. Mvumilivu hula mbivu, walisema, lakini si lazima azile akiwa bado na meno. Dafroza hakucheka. Aliuza mtamba, akanunua matofali na bomba la bati, akapiga hesabu kwamba hiyo nusu ikirudi atapata mbuzi wawili wa kuanzia upya.

Alijenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu na majivu, kama walivyofundishwa. Mawe mawili aliyatoa bila neno. Alipofika kwenye la tatu, mikono ilikataa. Kulitoa ni kusema Masatu amekufa, na nani amesema? Na bibi wa watu kitandani, mwenye mtoto mmoja tu, atalipokeaje neno hilo na kifua kile? Kwa hiyo alilijengea humo humo, ndani ya tumbo la jiko, akalipaka udongo juu yake. Hakuona kwamba anadanganya. Aliona anawatunza wote watatu.

Mpimaji wa wilaya aliitwa Renatus, lakini watu walimwita Bwana Majiko, kama tunavyosema bwana shamba. Alifika na mzani wa kupimia pamba, akapima kilo mbili za kuni, akateleka sufuria la maji, akatoa fomu.

"Mkuu wa kaya?"

"Masatu."

"Yuko wapi asaini?"

"Amesafiri."

"Tangu lini?"

"Siku kidogo," alisema Dafroza, akageukia moto.

Kuni zilikwisha maji hayajachemka. Renatus alishangaa, akalizunguka jiko, akaona ufa mrefu ubavuni, akagonga kwa kipande cha ukuni. Alikuwa ameyapima majiko mengi ya wilaya ile na sikio lake halikudanganyika.

"Mama, humu umeweka jiwe."

Dafroza aliinama akakusanya majivu.

"Jiwe linakula moto wote, halafu likipata joto linapasua udongo. Litoe, uzibe. Narudi baada ya wiki tatu. Nikiandika limefaa na wakubwa wakaja kupima, tumekwisha mimi na wewe. Na usichelewe, nasikia mwezi wa sita fungu la fedha linafungwa."

Nyangi alikuwa amelala nyuma ya ukuta wa fito na alisikia kila neno. Moshi ulitoka kwenye ule ufa ukajaa nyumba, naye akakohoa usiku na mchana kwa siku tatu. Asubuhi ya nne alimwita mkwewe.

"Binti Burito, jiwe gani hilo?"

"Unalijua, mama."

"Kwa nini hukulitoa?"

"Kwa ajili yako. Niliogopa ungekufa kwa uchungu."

Bikizee alijikokota mpaka uvunguni, akatoa kifurushi cha kaniki, akakiweka mapajani mwa Dafroza. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa ngozi wenye bizimu ya shaba. Dafroza aliufahamu kabla hajaugusa. Tundu la tatu alilitoboa yeye mwenyewe kwa msumari wa moto, mwaka ule wa njaa Masatu alipokonda.

"Aliuleta mvuvi mmoja wa visiwani," Nyangi alisema. "Mwaka wa pili. Wewe ulikuwaga shambani. Walimwokota ufukweni, wakamzika huko huko. Aliniambia mpaka mahali."

"Mwaka wa pili."

"Ndiyo, mwanangu."

"Miaka mitano, mama. Miaka mitano umeniona nikienda ziwani kila mtumbwi ukifika, na mkanda unaulalia."

"Nilisema ukijua utarudi kwenu Butiama. Mwanamke asiye na mume anarudigi kwao. Ningebaki na nani?"

Dafroza alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alitamani kumtikisa bibi yule mpaka mifupa ilie. Alitoka nje, akasimama uani jua likimchoma, akauvuta ule mkanda kwa mikono miwili kana kwamba ataukata, na ngozi ilikuwa ngumu, haikukatika. Alikuwa na miaka ishirini na sita Masatu alipoondoka. Wanaume wawili wa maana walikuwa wametuma mshenga, akawajibu ana mume. Ndani alisikia kikohozi kikianza, kikapanda, kikakata pumzi, na kwa mazoea ya miaka miguu yake ilikwisha kugeuka kabla hajaamua. Alimkalisha, akampa maji, akamshika mgongo.

"Ningeenda wapi?" alimwambia. Alikuwa analia sasa. "Ungeniuliza tu. Ningeenda wapi, mama?"

Nyangi alimshika mkono akaubusu, jambo ambalo mama mkwe wa huko halifanyi.

Jioni ile Dafroza alichukua jembe akabomoa ubavu wa jiko. Figa lilitoka jeusi, zito, lina joto bado. Walilibeba wote wawili, ingawa Nyangi aliweka vidole tu, wakalizika nyuma ya nyumba pamoja na mkanda. Hapo Dafroza akapiga yowe la kwanza, na wanawake wa Bukima wakaacha walichokuwa wakifanya wakaja mbio. Walikaa matanga siku nne. Mwalimu wa dini aliongoza sala, na kwa mara ya kwanza jina la Masatu likasomwa pamoja na marehemu.

Renatus aliporudi alikuta jiko limezibwa. Alipima kuni zake kilo mbili. Maji yalichemka na vipande vitatu vikabaki, akaviweka pembeni kwa heshima. Nyangi alikuwa ameketi karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mwaka mzima hakuweza kukaa, akichambua maharage.

Bwana Majiko alitoa fomu ileile. "Mzee amerudi? Nahitaji saini ya mkuu wa kaya."

"Futa hapo. Andika Dafroza Burito, mjane."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Renatus alifuta taratibu, akaandika, akampa pole, akashuka mstari wa chini.

"Wanaokutegemea?"

"Mmoja. Nyangi."

"Uhusiano? Niweke mama mkwe?"

Vidole vya bikizee vilisimama juu ya ungo. Dafroza alivitazama kitambo. Hasira ilikuwa haijaisha, na alijua itakaa siku nyingi.

"Weka mama," alisema.